Gari ambalo Tanga nzima halipo

Tuanze na bei tuimalize, maana najua ndiyo inayowaleta wengi. Bugatti waliyoipa jina La Voiture Noire, iliyooneshwa Geneva mwaka 2019, ilitajwa kuuzwa euro milioni 11 kabla ya kodi. Ni moja tu duniani. Rolls-Royce Sweptail ya mwaka 2017 kampuni haikutangaza bei, magazeti ndiyo yaliyotaja kama pauni milioni 10. Nayo ni moja tu. Haya, mmeguna, mmetikisa vichwa, kila mtu kashajenga hospitali, shule na kisima kwa pesa za watu. Sasa tuongee.

Mie ni fundi wa kushona viti vya magari, nipo Ngamiani hapa Tanga. Viti, dari, milango kwa ndani, makapeti, hata turubai la pikapu nikiletewa nashona. Nikiona picha ya gari la kifahari sianzi na injini. Naenda moja kwa moja kwenye kona ya kiti, pale ngozi inapokunjwa kuingia chini, maana pale ndipo fundi anapojulikana kama alikuwa na muda au alikuwa na njaa.

Haya nayaandika kwa sababu ya mteja mmoja, kijana mstaarabu, mwenyeji wa Kigombe kule njia ya Pangani, ana biashara zake hapa mjini. Kaja na Toyota Crown yake nyeupe, kaegesha, hata salamu hazijaisha vizuri akasema, "Dada fundi, nataka gari ambalo Tanga nzima halipo." Nikamwambia kaka yangu, Crown nyeupe simama Chumbageni tu hapo, utachoka kuzihesabu. Akacheka, akasema ndiyo maana kaja kwangu. Akatoa simu. Picha zimejaa: Sweptail, Boat Tail, madari yenye nyota, viti vyekundu kama damu ya mzee. Tukakaa kwenye benchi nikaanza kumchambulia. Mengine nimeyakumbuka baadaye, nayaweka humuhumu.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba gari la aina yake peke yake si uvumbuzi wa matajiri wa leo. Ndivyo magari ya kifahari yalivyokuwa yote. Mjomba wangu aliyenifundisha kazi alikuwa fundi bodi, na lori lilikuwa linamfikia likiwa chesisi tupu. Injini, rejeta, usukani, matairi, basi. Dereva kalileta kakaa juu ya kreti ya soda, kajifunga kitambaa usoni kwa vumbi, utadhani mwizi. Mwenye mali anakuja, anakaa na mjomba, wanakubaliana: ubavu uwe na urefu gani, mbao gani, mlango wa nyuma ufungukie wapi, mbele paandikwe nini. Hapo ndipo msumeno unaanza. Kwa hiyo lori la Mzee Fulani lilikuwa la Mzee Fulani, ukiliona Muheza unalijua hata bila kusoma namba.

Ulaya walikuwa hivyohivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Rolls-Royce hawakuwa wanauza gari kamili. Walikuwa wanauza chesisi na mtambo wake, halafu tajiri anaipeleka kwa mafundi bodi anaowataka: Hooper, Barker, Park Ward na wenzao wa Uingereza, au Figoni et Falaschi na Saoutchik kule Paris. Hao wanajenga fremu ya mbao, aghalabu mti wa Ulaya unaoitwa ash kwa sababu unavumilia kutikiswa bila kupasuka, kisha wanagonga bati la alumini kwa nyundo na kulipitisha kwenye magurudumu ya chuma mpaka likubali kuzunguka umbo la mbao. Kilichoiua kazi hiyo hakikuwa uhaba wa matajiri. Ilikuwa ni bodi na chesisi kuunganishwa kuwa kitu kimoja. Rolls-Royce wenyewe walipotoa Silver Shadow mwaka 1965, kwenye gari hilo chesisi ya kuvisha ilikuwa hakuna tena. Utavua nini, utavisha nini? Ukikata ubavu umekata uti wa mgongo.

Ndiyo maana za siku hizi ni ghali kiasi kile. Kufinyanga sura mpya si kazi kubwa peke yake. Kazi ni kuifanya sura hiyo ikae juu ya gari ambalo halikupangwa kuvuliwa nguo. Na hapa kijana wangu alishangaa kidogo: Sweptail chini yake ni Phantom Coupé. La Voiture Noire chini yake ni Chiron, na injini ni ileile ya silinda 16 na nguvu za farasi 1,500 waliyonayo wenye Chiron wengine. Yaani hata wao wanaanza na gari lililopo. "Basi na mie nimeanza vizuri," akasema, anaipigapiga Crown yake boneti. Nikamwambia punguza kasi.

Kuna gari la zamani nalipenda kwa sababu ya mwenyewe tu. Bugatti Type 41, lile wanaloliita Royale, yalijengwa 7 yakabaki 6, injini ya lita 12.7, kila moja na bodi yake. Kampuni ilitegemea kuuza 25, wakapata wateja wa nje 3. Dunia ilikuwa imefilisika. Injini zilizobaki zikaenda kuvuta treni za reli ya Ufaransa, na zikafanya kazi nzuri sana huko. Sasa mteja mmoja, Armand Esders, mfanyabiashara wa nguo, aliagiza yake mwaka 1932 isiwe na taa za mbele. Kwa nini? Kwa sababu yeye haendeshi usiku. Kwisha! Jean Bugatti, mtoto wa mwenye kampuni, akachora gari refu mno lisilo na taa, na likatoka zuri mno, mabawa ya mbele yanashuka bila kizuizi chochote. Huyo ndiye mteja ninayemtaka mimi. Anajua anaishije, anasema, fundi anakata. Hakuja na picha ya gari la jirani.

Upande wa pili kuna yule Mwingereza wa Calcutta, Robert Nicholl Matthewson, aliyetengenezewa gari la umbo la bata maji mkubwa mweupe mwaka 1910 na kiwanda cha Brooke cha Lowestoft, Uingereza. Shingo juu, macho taa za umeme, mdomo unarusha mvuke kusafisha njia. Nyuma, kukamilisha mambo, linadondosha chokaa barabarani kama kinyesi. Khaa! Alipoliingiza mjini watu wakakanyagana, polisi wakalipiga marufuku. Leo liko makumbusho ya Louwman, Uholanzi. Nalo lilikuwa moja tu duniani. Kwa hiyo kuwa peke yake si sifa inayojitosheleza, nami nilimwambia hivyohivyo kijana, kwa sababu kwenye simu yake kulikuwa na Crown moja ya huko kwingine imevishwa manyoya ndani. Manyoya! Na joto hili la Tanga.

Turudi kwenye mshono, ndiyo fani yangu. La Voiture Noire imetengenezwa kumkumbuka Jean Bugatti na gari lake jeusi, Type 57SC Atlantic, lililopotea wakati wa Vita Kuu ya Pili na halijaonekana mpaka leo. Atlantic zilijengwa 4 tu. Ukiitazama ina ukanda uliosimama kuanzia boneti mpaka mkiani, umepigwa ribiti, kama mshono wa nje wa begi la shule. Asili yake ni gari la maonyesho la mwaka 1935 ambalo bodi yake ilikuwa ya madini ya magnesi. Magnesi ukiichomelea inashika moto, kwa hiyo mafundi wakakunja kingo mbili, wakazisimamisha nje, wakazitoboa na kuzipiga ribiti. Magari yaliyofuata yalikuwa ya alumini, yanachomeleka bila shida, lakini mshono ukaachwa kwa sababu ulikuwa umeshapendeza. Hii ya 2019 nayo imechukua mstari uleule mgongoni. Nzuri, sikatai. Ila kwangu mimi ya mwaka 1935 iko mbele, maana mshono wake ulikuwa na kazi. Ninaposhona kiti cha daladala napiga mishono miwili pembezoni kwa sababu abiria anaburuta makalio akiingia. Sasa naletewa viti vya gari la saluni, mteja anataka mishono miwili hiyohiyo katikati ya mgongo ambako hakuna kinachoburutwa. Nampigia, hela ni hela, lakini moyoni najua.

Ngozi sasa. Rolls-Royce wanatumia ngozi za madume, si majike, kwa sababu ng'ombe jike akishabeba mimba ngozi ya tumbo inaacha michirizi. Wanazitafuta kwenye malisho ya Ulaya yasiyo na waya wa miba wala wadudu wengi. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Ngozi ya ng'ombe wetu ina historia nzima: mwiba hapa, kupe pale, chapa ya mwenyewe ubavuni, fimbo mgongoni. Ndiyo maana wengi wetu tunashona ngozi bandia, na usimcheke anayeshona hiyo. Gari linalolala nje Tanga, jua la mchana na upepo wa chumvi, ngozi halisi isiyopakwa mafuta inapasuka kama kisigino.

Mbao za Rolls-Royce ndizo zilizonimaliza kabisa. Kwenye gari moja mbao zote za mapambo zinatoka kwenye mti mmoja, zikapangwa kulia na kushoto zitazamane, ili zikizeeka zizeeke pamoja. Halafu tazama La Rose Noire Droptail ya mwaka 2023. Ndani imezungukwa na vipande 1,603 vya mbao nyembamba za mti wa sycamore, pembetatu pembetatu. Vipande 1,070 vimepangwa kwa ulinganifu kuwa usuli, na 533 vyekundu vimetawanywa kama petali za waridi zinazoanguka. Fundi aliyevipanga alichukua karibu miaka miwili, na hakuruhusiwa kukaa nayo zaidi ya saa moja mfululizo wala zaidi ya saa tano kwa siku, jicho lisichoke. Saa tano kwa siku! Mie jicho linachoka saa nne asubuhi, na mteja yuko mlangoni anauliza kama nimemaliza.

Na kuna jamaa wa kiwanda chao cha Goodwood, Mark Court, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye pekee anayechora ule mstari mwembamba wa ubavuni. Anachora kwa mkono na brashi ya manywele ya mnyama, karibu mita sita, rangi ikishika imeshika. Kabla ya hapo alikuwa mchora mabango. Hilo liliwafurahisha sana vijana wanaoandika majina ya mashua na malori hapa mtaani, nikawaambia haya, msinipandishie bei.

Kijana akaniuliza sasa gani katika zote ningeichagua mimi. Nilidhani nitasema Sweptail, maana naipenda ile nyuma yake inavyochongoka kama mashua za mashindano za zamani, na ile paa ya kioo kimoja, na kwamba gari refu vile lina viti viwili tu, nyuma ni rafu ya mbao. Lakini nikasema Boat Tail, nayo ya Rolls-Royce. Zimejengwa 3, zikatangazwa kuanzia mwaka 2021, kila moja na mambo yake, kwa hiyo wabishi watasema si moja tu, sawa. Ya kwanza ina mgongo wa mbao kama sitaha. Unafunguka katikati, pande mbili zinanyanyuka, ndani kuna friji, sahani, vijiko, viti vya kukunja, na mwavuli unaochomoza katikati. Friji imepangiwa shampeni. Yangu mimi ingekaa madafu na ingefanya kazi vilevile. Vipande vipya zaidi ya 1,800 vilibuniwa kwa ajili ya magari hayo. Yote kwa sababu kuna watu wanapenda kula nje.

Lakini ni ile ya pili, ya mwaka 2022, niliyomwonesha kwa ukaribu. Mwenyewe familia yake ilianzia kwenye biashara ya lulu. Alipokwenda kuagiza hakuchagua rangi kwenye kitabu, alipeleka magamba ya chaza kutoka kwenye hazina yake, akasema rangi iwe hii. Wakaitafuta: rangi ya waridi na nyeupe, na chembechembe zinazong'aa kutegemea jua limesimama wapi. Ndani, kwenye saa na vitufe, wakatia gamba lenyewe la chaza. Nikamwambia kijana, umeona? Huyu hakuuliza ni kitu gani wengine hawana. Kaulizwa yeye ana nini.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema yeye anataka nyota kwenye dari.

Basi tukaanza na nyota. Zile za Rolls-Royce ni nyuzi za kupitisha mwanga, zaidi ya elfu moja, kila tundu limetobolewa kwa mkono kwenye ngozi na uzi ukapitishwa. Za kwetu zinatoka China, unazipata Kariakoo, sanduku la taa na kichane cha nyuzi. Kazi haina siri ila ina usumbufu. Dari unalitoa lote, na Crown lazima uangue nguzo za pembeni bila kuvunja klipu zake. Unavua kitambaa cha zamani, unakwangua sponji iliyogeuka unga, unavisha kipya. Kisha unalala nalo chini na sindano. Tundu unatoboa kutokea upande wa uso, ukitobolea nyuma kitambaa kinavimba na nyota inaonekana imekaa kwenye chunusi. Uzi unauvuta ubaki mrefu upande wa ndani ya gari, nyuma unaugundisha kwa gundi laini. Usitumie ile gundi ya dakika moja. Inaukausha uzi, ukiugusa unakatika pwaa. Dari likisharudishwa mahali pake ndipo unapita na kikata kucha, nyota moja moja, usawa wa kitambaa. Shingo utaisikia wiki nzima. Na msizipange kwa rula jamani, mbingu gani ina mistari.

Wakati nafanya hayo, kijana alikuwa anakuja kila jioni kuangalia, na siku moja kaja na ubao umefungwa kwenye gunia. Babu yake alikuwa na mashua Kigombe. Mashua ilishakufa, mbavu zimeliwa na mchwa, lakini mbao mbili tatu za ubavuni za mninga zilikuwa zimebaki nzima. Akaziweka mezani kwangu hakusema mengi. "Dada fundi, hii inafaa?"

Inafaa! Nimepiga msasa kipande kimoja tu kujaribu, mninga umetoka wekundu wake, na kila palipokuwa na msumari wa chuma pana duara jeusi lililoingia ndani ya mbao, halifutiki. Crown ile ina mapambo ya plastiki yaliyochorwa kama mbao, kwenye dashibodi na milango minne. Plastiki hizo tunazitoa, zinakuwa vipimo. Ubao tumeuloweka maji baridi kutoa chumvi, ukakaushwa kivulini, sasa uko kwa seremala Makorora anaupasua mwembamba. Nimemsisitiza vipande avipe namba kadiri vinavyotoka, mlango wa kulia na wa kushoto vitoke mahali pamoja, madoa ya misumari yatazamane. Kaniambia dada nawe una mambo. Ndiyo, ninayo.

Tulipokwama ni kwenye kumalizia. Mimi nataka vanishi isiyong'aa, tabaka nyembamba kadhaa. Kijana anataka tupake sifa, kama babu yake alivyokuwa akiipaka mashua, kwa sababu anasema bila sifa haitakuwa mbao ya babu. Nyinyi mnaoijua sifa mnaijua: mafuta ya ini la papa, mashua inapakwa ipo pwani, upepo unavuma, na bado mtu unapita mbali. Huyu anataka kuipaka ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, linaloegeshwa juani, na dari jipya la kitambaa nililolilalia mimi. Nimekataa katakata. Kasema atamleta mama yake aje aniombe. Mama naye aje, chai ipo, lakini sifa humo ndani haiingii.